Tumeshinda, lakini hawachezi

Usiku wa tarehe 30 Juni 2024, Uingereza ikiwa imetoka kuifunga Slovakia 2-1 na kuingia robo fainali ya Euro, michuano ya mataifa ya Ulaya, rafiki yangu alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Tumeshinda, lakini hawachezi." Tumeishabikia timu hiyo pamoja kwa miaka mingi. Nilikuwa bado nimesimama mbele ya runinga, sauti imekauka kwa kelele, na nilikubaliana naye kabla sijamjibu. Nilipousoma tena baadaye ndipo nikaona kilichomo ndani yake. Walioshinda ni sisi. Wasiocheza ni wao. Kwa sentensi moja mtu ameingia kwenye timu na kutoka.

Kila mwenye timu anaijua hali hiyo. Filimbi ya mwisho imelia, ubao unasomeka vizuri, na bado kuna kitu kimekwama kooni. Ukikisema unaambiwa huna shukrani, hujui mpira, au wewe si shabiki wa kweli. Nimeambiwa hivyo mara nyingi na nimekuwa nikinyamaza. Safari hii nimeamua kuichukua mechi moja na kuipitia tangu mwanzo, kwa sababu naamini anayenung'unika baada ya ushindi mara nyingi ameona jambo ambalo matokeo yamelifunika. Sijui mechi inayoonyesha hilo waziwazi kuliko hiyo ya Slovakia, iliyochezwa Gelsenkirchen, Ujerumani.

Walivyofika pale

Manung'uniko ya usiku ule hayakuzaliwa usiku ule. Tarehe 7 Juni, kwenye mechi ya mwisho ya kujipima nguvu, Uingereza ilifungwa 1-0 na Iceland ikiwa nyumbani, Wembley. Iceland hiyohiyo ndiyo iliyoitoa kwenye Euro 2016 kule Nice, kwa hiyo kidonda cha zamani kilitoneshwa kabla michuano haijaanza. Tarehe 16 Juni, mjini Gelsenkirchen, Uingereza iliifunga Serbia 1-0 kwa kichwa cha Jude Bellingham dakika ya 13, kisha ikarudi nyuma na kuimaliza mechi ikijihami. Siku nne baadaye, Frankfurt, Harry Kane alifunga dakika ya 18, timu ikarudi nyuma tena, na Morten Hjulmand wa Denmark akasawazisha kwa shuti la mbali dakika ya 34. Gary Lineker, nahodha wa zamani wa timu hiyo, aliuelezea mchezo ule kwa neno ambalo siliandiki hapa, na Kane akamjibu mbele ya waandishi wa habari kwamba waliowahi kuivaa jezi hiyo wanaujua uzito wake. Tarehe 25, Köln, ikawa suluhu na Slovenia. Kocha Gareth Southgate alipokwenda kuwapigia makofi mashabiki baada ya mechi, alizomewa na kurushiwa vikombe vya plastiki.

Lakini tazama msimamo wa kundi. Uingereza ilimaliza kinara wa Kundi C ikiwa na pointi 5. Ushindi wake dhidi ya Serbia ndio pekee uliopatikana katika kundi zima, mechi nyingine zote tano ziliisha kwa sare. Timu iliyokuwa ikizomewa ndiyo pekee pale iliyoweza kumfunga mtu.

Basi walikuwa wakizomea nini? Jibu liko nje ya lile kundi. Shabiki wa Uingereza hakuwa akiipima timu yake kwa Serbia wala kwa Slovenia, alikuwa akiipima kwa kile alichokiona msimu mzima. Phil Foden alikuwa ametoka kuchaguliwa mchezaji bora wa msimu wa Ligi Kuu ya Uingereza. Bellingham alikuwa ametwaa ubingwa wa Hispania na Ligi ya Mabingwa Ulaya katika msimu wake wa kwanza Real Madrid. Kane alikuwa amefunga mabao 36 ya ligi katika msimu wake wa kwanza Bayern Munich. Ukiwaona watu walewale, miguu ileile, wakipasiana mpira pembeni na kurudishiana nyuma dakika baada ya dakika, kinachouma si kufungwa. Kinachouma ni kujua kabisa kwamba wanaweza. Timu dhaifu ikishinda kwa mbinde hupigiwa makofi, na timu yenye vipaji ikishinda kwa namna hiyohiyo huzua maswali. Sioni ukosefu wa haki hapo, kwa sababu matarajio hayo wachezaji wenyewe ndio walioyajenga, wiki hadi wiki, mbele ya macho yetu.

Dakika tisini na tano

Mechi ilianza saa 12 jioni kwa saa za Ujerumani. Slovakia, chini ya Mwitaliano Francesco Calzona, haikuwa timu ya kubahatisha. Kwenye mechi yake ya kwanza ya makundi ilikuwa imeifunga Ubelgiji 1-0 kwa bao la Ivan Schranz. Ilikaba kwa mpangilio na ikathubutu kupanda. Dakika ya 25, David Strelec alimpenyezea mpira Schranz katikati ya mabeki, naye akamfunga kipa Jordan Pickford. Bao hilo lilistahili, hata sisi tulilijua.

Wachezaji walipokwenda mapumziko, jukwaa la Waingereza liliwazomea. Kipindi cha pili Foden alitikisa nyavu, bao likakataliwa kwa sababu alikuwa ameotea. Strelec alijaribu kumfunga Pickford kutoka karibu na mstari wa katikati na mpira ukapita pembeni kidogo tu. Dakika ya 66 aliingia Cole Palmer. Kane alipiga kichwa akiwa karibu na lango, mpira ukatoka nje. Dakika ya 81 Declan Rice aligonga nguzo kwa shuti la mbali, na mpira uliorudi Kane akaupaisha juu ya lango. Hizo ndizo nafasi zenyewe za maana. Mpaka dakika 90 zinaisha, Uingereza haikuwa imepiga hata shuti moja lililolenga lango.

Nataka kukaa kidogo kwenye sababu, kwa kuwa ndizo zitakazotuambia kama malalamiko yalikuwa ya haki au ya hasira tu. Luke Shaw, beki pekee wa asili wa kushoto katika kikosi, alikuwa majeruhi, kwa hiyo upande huo alicheza Kieran Trippier, mtu wa mguu wa kulia. Kila alipopanda ilibidi asimame, augeuzie mpira mguu wake, na aurudishe ndani. Mbele yake Foden alikuwa amewekwa kushoto, lakini akawa anaingia katikati kutafuta mpira mahali Bellingham alipokuwa tayari. Kane naye alishuka chini kuupokea. Matokeo yake ni watu watatu bora wakigombea eneo moja dogo, upande wa kushoto ukiwa mtupu, na hakuna anayekimbia nyuma ya mabeki wa Slovakia. Mabeki wale hawakuhitaji kufanya miujiza. Walisogeleana tu.

Haya hayahitaji shahada ya ukocha kuyaona. Aliyeitazama timu hiyo mechi nne mfululizo aliyaona, hata kama hakuwa na maneno ya kuyaeleza na akaishia kusema "hawachezi". Neno hilo huchekwa na wachambuzi kwa sababu halina takwimu ndani yake. Mimi nadhani ni neno zito. Lina maana kwamba kinachofanyika uwanjani hakina mpango unaoweza kuzaa bao, na kama bao litakuja, litatoka kwingine.

Na likatoka kwingine. Mwamuzi alikuwa ameongeza dakika sita. Zikiwa zimebaki kama mbili, Southgate alimwingiza mshambuliaji Ivan Toney, na kocha mwenyewe alieleza baadaye kwamba Toney alikasirika kuingizwa kwa kuchelewa kiasi kile. Dakika ya tano ya nyongeza, Kyle Walker alirusha mpira mrefu kutoka upande wa kulia, beki Marc Guéhi akauruka na kuupitisha kwa kichwa, na Bellingham, ambaye alikuwa ametimiza miaka 21 siku moja kabla, akiwa ameligeuzia lango mgongo, akapiga tikitaka. 1-1. Shuti la kwanza la Uingereza lililolenga lango katika mechi nzima lilikuwa ni bao, na lilikuwa tikitaka.

Muda wa nyongeza ulikuwa haujatimiza dakika moja, Eberechi Eze alipopiga mpira ukainuka juu, Toney akaukata kwa kichwa kuelekea upande wa pili, Kane akaumalizia kwa kichwa. 2-1. Kilichofuata tulikijua. Bellingham na Kane walitolewa, wakaingia beki na kiungo, timu ikarudi nyuma kulinda, na Slovakia ikatushambulia mpaka mwisho. Timu iliyokuwa imekosa bao kwa dakika 94, ikalipata, ikapata na la pili, ilirudi kwenye tabia yake mara moja, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ninachokiri

Kuna jambo mashabiki wengi hulijua na wachache hulisema. Kufikia kama dakika ya 80, sehemu ya moyo wangu ilikuwa imeanza kukubali kufungwa. Sikutaka tufungwe. Lakini nilianza kuhesabu faida ya kufungwa. Tukitolewa leo, nilijiambia, angalau hakuna atakayeweza kusema kwamba mambo yako sawa, na itabidi kitu kibadilike. Halafu Bellingham akaruka hewani na mahesabu yale yote yakafutika. Nilipiga kelele kama mtoto.

Mawazo hayo mawili ndani ya dakika kumi na tano yananiambia nini? Yananiambia kwamba ushindi mbovu una gharama ambayo kushindwa hakuna: unaahirisha. Kocha anayeshinda hapangi upya kikosi chake kirahisi. Mchezaji aliyecheza vibaya akashinda hubaki kikosini. Wanaoihoji timu hunyamazishwa kwa neno moja, matokeo. Shabiki anayeondoka uwanjani akiwa na furaha yenye doa anaogopa hasa hilo, kwamba leo tumepewa ruhusa ya kuendelea na makosa yetu mpaka tutakapokutana na asiyesamehe.

Furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, sitaki mtu aniondolee hiyo. Ila ilikuwa ni nafuu zaidi kuliko shangwe, na vitu hivyo viwili si kimoja. Watafiti watatu wa Marekani, Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich, walichapisha mwaka 1995 utafiti kuhusu washindi wa medali kwenye Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Waliona kwamba wa shaba walionekana wenye furaha kuliko wa fedha. Wa fedha alikuwa akiiangalia dhahabu iliyomponyoka, wa shaba alikuwa akiangalia jinsi ambavyo angeweza kuondoka mikono mitupu. Tunachohisi hutegemea tunajilinganisha na nini. Shabiki wa Uingereza usiku ule alikuwa na vipimo vyote viwili kichwani kwa wakati mmoja. Akiangalia dakika ya 94, alikuwa amefufuka. Akiangalia kikosi kile kilivyopaswa kucheza, alikuwa amenyimwa. Kumwambia achague kimoja ni kumwambia asahau nusu ya alichokiona.

Sisi na wao

Nirudi kwenye ujumbe wa rafiki yangu. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo vikuu vya Marekani, kwa mpira wao wa Kimarekani. Waligundua kwamba wanafunzi walivaa zaidi nguo zenye alama ya chuo chao siku za Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, na kwamba walipoulizwa kwa simu kuhusu mechi, walitumia zaidi neno "sisi" kuelezea ushindi kuliko kuelezea kipigo. Mtu husogea karibu na utukufu na kujitenga na aibu. Utafiti huo umetajwa mara nyingi, na kila ninapousoma naona unamwonyesha shabiki kama mtu wa kujipendekeza.

Kiswahili kinaonyesha jambo ambalo utafiti ule haukulitafuta. Kwetu nafsi imefungwa ndani ya kitenzi, huwezi kusema umeshinda bila kusema nani. Sikiliza watu wakizungumzia ushindi wa mbinde: tumepita, tumepata bao la jioni, tuko robo fainali. Wakihamia kwenye mchezo: hawakabi, hawapandi, wanarudisha mpira nyuma, hawana mpango. Mpaka wa sisi na wao hauko tena kati ya siku ya ushindi na siku ya kipigo. Umepita katikati ya mechi moja ambayo tumeshinda.

Kwa nini shabiki ajitenge na timu iliyomfurahisha? Sidhani ni aibu, maana hakuna aibu ya kushinda. Nadhani ni kwamba matokeo ni mali ya wote, ya aliyekuwa uwanjani na ya aliyekuwa mbele ya runinga, lakini mchezo ni ahadi. Jezi ile inapoingia uwanjani inaahidi jambo fulani kuhusu sisi ni watu wa namna gani: wajasiri, wabunifu, wasioogopa. Timu ikicheza kwa woga, shabiki anaona inamsemea kitu ambacho si chake. Hapo anasema "wao". Hajaikataa timu. Amekataa kuonekana hivyo.

Wanaosema mpira ni matokeo

Wenye hoja ya upande wa pili si wajinga, na ninataka kuwatendea haki, kwa sababu michuano hii yenyewe iliwapa silaha. Mpira ni mchezo wa mabao machache. Mechi nyingi huamuliwa na bao moja, na bao moja linaweza kutoka popote: mpira wa kurusha, mguu uliomgonga beki, nguzo. Kwenye mashindano ya mtoano hakuna pointi za uzuri. Ureno ilitwaa Euro 2016 baada ya sare tatu kwenye makundi. Iliitoa Croatia kwa bao la Ricardo Quaresma dakika ya 117, ikapita kwa penalti mbele ya Poland, na mechi pekee iliyoishinda ndani ya dakika 90 ilikuwa nusu fainali dhidi ya Wales. Walionung'unika njiani walishangilia kwenye fainali Éder alipoifunga Ufaransa. Kombe halina ukumbusho wa jinsi lilivyopatikana.

Au linao? Brazil ya 1982 ilifungwa 3-2 na Italia mjini Barcelona na haikufika hata nusu fainali. Brazil ya 1994, chini ya Carlos Alberto Parreira, ilitwaa Kombe la Dunia baada ya miaka 24 ya kusubiri, kwa suluhu na Italia na kisha matuta. Wanaopenda mpira bado wanaizungumzia ile ya 1982 kwa mapenzi ambayo ile iliyoleta kombe haijawahi kuyapata kwa kiwango kilekile. Hilo halifuti ubingwa wa 1994. Linaonyesha tu kwamba kumbukumbu ya shabiki ina daftari mbili, na hakuna aliyewahi kufanikiwa kuzichanganya.

Kosa la "mpira ni matokeo" liko mahali pengine. Msemo huo unasema kweli kuhusu jana na hausemi chochote kuhusu kesho. Mechi ikishaisha, ni kweli, 2-1 ni 2-1. Lakini kwenye mtoano kila ushindi unamaanisha kuna mechi nyingine, na swali linalobaki mezani ni hili: katika vilivyotupitisha leo, ni kipi tunaweza kukifanya tena siku sita zijazo? Tikitaka ya dakika ya 95 haipangwi mazoezini. Upande wa kushoto usio na mtu wa mguu wa kushoto, huo utakuwepo tu. Na ushindi wenyewe ulikuwa na deni: Guéhi, beki ambaye kichwa chake ndicho kilichompa Bellingham mpira, alikuwa amekusanya kadi za njano na akaikosa robo fainali.

Sasa angalia kilichofuata. Tarehe 6 Julai, Düsseldorf, Uswisi ilitangulia kufunga kwa Breel Embolo dakika ya 75. Bukayo Saka akasawazisha dakika ya 80 na Uingereza ikapita kwa penalti 5-3. Tarehe 10 Julai, Dortmund, Xavi Simons wa Uholanzi alitangulia kufunga dakika ya 7, Kane akasawazisha kwa penalti, na Ollie Watkins, aliyetoka benchi, akafunga bao la ushindi dakika ya 90 na ushee kwa pasi ya Palmer, aliyetoka benchi pia. Tarehe 14 Julai, Berlin, Nico Williams alitangulia kuifungia Hispania. Palmer, kutoka benchi, akasawazisha dakika ya 73. Dakika ya 86 Mikel Oyarzabal akafunga la pili, na safari hii hakukuwa na jibu.

Mechi nne za mtoano, na katika zote nne Uingereza ilitangulia kufungwa. Walichokiona walionung'unika Gelsenkirchen kilijirudia mara tatu zaidi bila kukosa.

Lakini hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba miujiza haijirudii, na ushahidi hauniruhusu. Uokoaji nao ulijirudia. Benchi lilileta pasi ya bao la Kane dhidi ya Slovakia, likaleta bao la Dortmund pamoja na pasi yake, likaleta na bao la Berlin. Kutokata tamaa, ambako usiku wa Slovakia nilikuona kama bahati, kumbe kulikuwa sifa ya timu ile. Sikukiona. Niliona ugonjwa vizuri na sikuiona nguvu ya mgonjwa. Kama kuna jambo ambalo wenzetu wa "mpira ni matokeo" walilishika kuliko mimi, ni hilo: timu inayopata njia mara kwa mara ina kitu, hata kama kitu hicho hakipendezi machoni. Hata mpangilio nao ulibadilika. Dhidi ya Uswisi Southgate aliweka mabeki watatu wa kati na kumpa Saka njia yote ya kulia, na kipindi cha kwanza dhidi ya Uholanzi kilikuwa, kwa maoni yangu, bora kuliko vyote walivyocheza Ujerumani. Sijui kama mabadiliko hayo yangekuja bila ile kelele.

Kuhusu vikombe

Kwa hiyo nautetea unung'unikaji, na hata kuzomea wakati wa mapumziko sikuoni kuwa ni usaliti. Aliyelipa nauli na tiketi akasafiri kuifuata timu ana haki ya kusema alichokiona. Kumrushia mtu kitu hakumo katika haki hiyo. Southgate aliikuta timu mwaka 2016 ikiwa imevunjika baada ya Nice, akaipeleka nusu fainali ya Kombe la Dunia 2018, kisha fainali ya Euro iliyochezwa 2021 na kupotea kwa penalti mbele ya Italia. Alisema baada ya Köln kwamba ni afadhali hasira ielekezwe kwake kuliko kwa wachezaji. Unaweza kuamini kwamba kocha amekosea kikosi, mfumo na muda wa kufanya mabadiliko, nami niliamini hivyo, na bado ukamwona mtu aliyebeba kifua mbele kwa ajili ya vijana wake. Kinachoniumiza nikikumbuka kiangazi kile ni kwamba wengi wetu tulishindwa kuyashika yote mawili. Tuliposhinda tukadai wanaonung'unika wanyamaze, tulipotoka sare tukadai kocha afukuzwe, na katikati hapakuwa na pa kusimama.

Na walikuwepo wale wengine, ambao mazungumzo haya yote huwasahau. Slovakia haikuwahi kufika robo fainali ya mashindano makubwa tangu iwe nchi yake yenyewe. Ilikuwa imebakiza dakika moja na kitu. Mashabiki wake waliondoka wakiwa na kinyume kamili cha tulichokuwa nacho: wamefungwa, na hawakuwa na hata neno moja la kuwalaumu wachezaji wao. Nimejiuliza mara kadhaa, kama ningepewa kuchagua usiku ule, ningechukua hisia zipi. Kila mara nachagua ushindi, na kila mara huwa nimechelewa kidogo kujibu.

Southgate alijiuzulu tarehe 16 Julai, siku mbili baada ya Berlin. Usiku wa fainali yenyewe, wakati Hispania ikipandishwa jukwaani, simu yangu ililia tena. Alikuwa ni yuleyule rafiki. Hakugusia mfumo, wala upande wa kushoto, wala kocha. Aliandika, "Tumefungwa. Tulijitahidi."

Nilikaa nikiitazama ile *tu* mara mbili.